Init 5 haimaanishi kitu kimoja kila mahali

Wengi hudhani amri ya init 5, inayoipeleka mashine kwenye hali ya uendeshaji (runlevel) namba 5, hukuletea skrini ya picha kila mahali. Hapana, si lazima. Hayo ni mazoea ya Red Hat, mojawapo ya matoleo ya Linux, na jamaa zake. Namba zinazofanana karibu kila Linux ni 0 ya kuzima, 1 ya mtumiaji mmoja kwa ajili ya matengenezo, na 6 ya kuwasha upya. Hapo katikati kila toleo na lake: Debian ya zamani 2 hadi 5 zilikuwa kitu kimoja, Slackware picha iko kwenye 4. Wa kuogopa ni Solaris, mfumo wa ukoo wa Unix na si Linux, ambako init 5 inazima mashine na kukata umeme kabisa. Kama umeingia kwa mbali, ndiyo basi tena, labda uwe na mtu karibu na kitufe.

Kwenye systemd, programu inayowasha na kusimamia huduma kwenye Linux nyingi za sasa, namba hizo zilibaki majina ya pembeni tu hadi toleo la 258 (2025) lilipoziondoa: 2, 3 na 4 zote zilielekea multi-user.target (bila picha), 5 ilielekea graphical.target (yenye picha). Andika systemctl get-default uone mashine yako inawakia wapi. Usihangaike na /etc/inittab, faili la zamani la kupangia namba hizo, huko, systemd haiisomi.