Kabla hujakopa kwa ajili ya timu, soma habari za Eibar

Kuna mwaka nilikuwa mhazini wa timu ya mtaa. Tulifika robo fainali ya ndondo, vichwa vikatuvimba. Mwenyekiti akasema tukipata mamluki watatu, yaani wachezaji wa kukodi kutoka nje, kombe ni letu. Hela hatukuwa nazo, tukakopa kwa mfanyabiashara wa pale pale mtaani, na aliyeweka sahihi ni mimi. Mamluki walikuja, wakala posho, tukafungwa mbili bila. Deni nililimaliza kwa miezi kumi na moja, na pikipiki yangu ikaenda humo humo. Timu haikumaliza mwaka. Jezi ziligawanywa kama mali ya marehemu.

Naeleza haya kwa sababu kila msimu napigiwa simu na vijana waliopewa uhazini au ukatibu, wanaomba ushauri. Siku hizi nawajibu kwa kuwasimulia habari za klabu moja ya Hispania.

Eibar niliiona mara ya kwanza Novemba 2014, kwenye kibanda umiza, ikicheza na Real Madrid. Ilifungwa 4-0, na ukumbi mzima ulikuwa unamtazama Ronaldo. Mimi nilikuwa natazama maghorofa. Nyuma ya uwanja kuna nyumba za watu zimesimama karibu kabisa, na wenyewe wako kwenye baraza za juu wanaangalia mechi ya ligi kuu kama mtu anayeangalia jirani akifua. Nikajiuliza, hawa ni nani?

Eibar ni mji wa watu wapatao 27,000 katika jimbo la Wabasque, kaskazini mwa Hispania, umebanwa bondeni kati ya Bilbao na San Sebastián. Watu wake ni mafundi chuma tangu zamani. Walitengeneza bunduki karne na karne, ndiyo maana hadi leo timu inaitwa Armeros, yaani mafundi silaha. Biashara ya bunduki ilipoyumba, mikono ile ile ikahamia kwenye baiskeli: Orbea na BH zote zilianzia pale kama karakana za silaha. Kampuni ya Alfa ikaingia kwenye cherehani. Mwaka 1937, vita vya wenyewe kwa wenyewe vikiendelea, mji ulibomolewa vibaya kwa mabomu. Klabu ilizaliwa 1940 katika mji ambao bado unajijenga upya, na uwanja wake, Ipurua, ukafunguliwa 1947.

Sasa hapa ndipo vijana wangu huanza kupiga miayo, maana kwa miaka mingi hakuna kombe la kusimulia. Lakini hapo ndipo pa kusikiliza. Kuanzia 1988 hadi 2006 Eibar ilikaa daraja la pili misimu 18 mfululizo, kwa bajeti ndogo mno. Iliishi kwa kuazima vijana wa klabu kubwa. Xabi Alonso, kiungo aliyekuja kuwa nyota wa Hispania, alipelekwa pale kwa mkopo na Real Sociedad. David Silva alitoka Valencia akiwa na miaka 18, na msimu huo wa 2004-05 wakakaribia kabisa kupanda, kocha akiwa José Luis Mendilibar. Hawakupanda. Baadaye wakashuka hadi daraja la tatu, na hawakukimbilia kwa mkopeshaji. Ukiacha misimu miwili waliyorudi daraja la pili, 2007 hadi 2009, wakakaa huko mpaka 2013.

Wakapanda 2013. Mwaka uliofuata wakachukua ubingwa wa daraja la pili na kuingia ligi kuu kwa mara ya kwanza katika historia yao. Na hapo ndipo sheria ikawakaba.

Sheria ya Hispania ilitaka mtaji wa hisa wa klabu, yaani hela iliyowekwa na wenye hisa, ufikie robo ya wastani wa matumizi ya klabu za daraja la pili. Eibar ilikuwa na mtaji wa euro 422,000 hivi, ikatakiwa kufikisha zaidi ya milioni 2.1. Pengo: euro milioni 1.7, tena mwisho ni mwanzoni mwa Agosti, la sivyo wanarudishwa daraja la tatu. Sheria yenyewe ilitungwa kuzuia klabu zisizame kwenye madeni. Eibar haikuwa na deni! Kulikuwa na klabu kubwa zinadaiwa mamilioni na serikali na zinaendelea kusajili, huku anayefukuzwa mlangoni ni yule aliyelipa kila kitu. Mimi hadi leo jambo hili linanichoma.

Walivyotoka hapo ndiyo ushauri wangu wa kwanza kwa mhazini. Hawakumtafuta tajiri. Waliuza hisa kuanzia euro 50, na wakaweka kikomo kwamba hakuna mtu atakayezidi euro 100,000. Yaani tajiri anakaribishwa, lakini kuinunua timu hawezi. Xabi Alonso akawapigia debe, watu wa nchi nyingi wakanunua, na Julai hela ikawa imetimia. Ukiwa na wachangiaji mia wa elfu mbili mbili, akinuna mmoja timu inaendelea. Ukiwa na mfadhili mmoja, siku akigombana na mwenyekiti mnalala bila jezi. Nimeyaona, si hadithi.

Ushauri wa pili ni ule ambao watu hawapendi: kutokuwa na deni pekee hakutoshi. Vitabu vya Eibar vilikuwa safi na bado nusura wakwame, kwa sababu akiba ilikuwa ndogo kuliko hatua waliyopiga. Timu ikipanda, gharama za usafiri na waamuzi zinapanda nayo siku hiyo hiyo. Zihesabu kabla ya fainali. Baada ya fainali kila mtu anashangilia na hakuna anayetaka kusikia habari za nauli.

Agosti 24, 2014, mechi yao ya kwanza kabisa ya ligi kuu, Javi Lara akapiga faulo ikaingia, Eibar 1, Real Sociedad 0. Hadi katikati ya msimu walikuwa nusu ya juu ya jedwali. Kisha wakaporomoka, wakamaliza wa 18, na kwa matokeo ya uwanjani walishuka. Lakini Elche, iliyomaliza juu yao, ikashushwa daraja kwa madeni ya kodi. Eibar wakabaki. Nilipoisoma habari hiyo niliikumbuka pikipiki yangu, nikacheka peke yangu.

Mendilibar akarudi 2015, na kwa jumla walikaa ligi kuu misimu saba. Novemba 2018 wakaifunga Real Madrid 3-0 pale pale Ipurua, mbele ya wale wenye baraza zao. Mwaka 2021 wakashuka wakiwa mkiani. Mwaka uliofuata walihitaji ushindi tu siku ya mwisho ili wapande moja kwa moja, wakacheza na Alcorcón ambayo ilishashuka tayari, wakafungwa 1-0 kwa goli la dakika za mwisho. Ipo hivyo, usimdanganye mtu kwamba ukiwa mwadilifu mpira unakuonea huruma.

Timu yetu tuliianzisha tena, kwa jina jingine. Mchango ni shilingi elfu mbili kwa mwezi na daftari linasomwa kwa sauti kila kikao, jina kwa jina, akiwemo mwenyekiti. Msimu huu tulitolewa hatua ya makundi. Kwenye sanduku kuna hela ya mipira miwili na nauli ya mechi nne.