Rezista ya besi huanza kupigiwa hesabu kwenye rilei

Mashine ya kutotolea vifaranga inayowasha taa zake kwa rilei (swichi inayovutwa na koili) ya volti 5 ina sehemu moja ambayo mafundi wengi huiweka kwa mazoea: rezista ya besi, ile inayokaa kati ya pini ya kidhibiti na mguu wa besi wa transista inayoiwasha rilei. Inachomolewa yoyote kwenye redio mbovu, taa zinawaka, mteja anabeba mashine yake kwenda Mikindani. Wiki ya pili simu inaanza kuita.

Usianze na transista, anza na rilei. Koili ya ile rilei ndogo ya buluu ina ohm 70 hivi, kwa hiyo inavuta miliampia 71. Gawa kwa 10: besi inataka miliampia 7. Pini ya Arduino, bodi ya kidhibiti, inatoa volti 5, besi inakula 0.7, zinabaki 4.3 za kuangukia kwenye rezista. 4.3 gawa kwa 0.007 ni ohm 614. Weka 560 (kijani, buluu, kahawia). Kama duka halina, mbili za kilo-ohm 1 zikiwekwa sambamba zinatoa 500, nazo zinafaa. Kwa kidhibiti cha ESP8266, ambacho pini zake ni za volti 3.3, weka 330.

Mtu atauliza: kwa nini kugawa kwa 10, wakati BC547, transista tunayotumia hapa, ina ukuzaji (mara ngapi inaukuza mkondo wa besi) wa 110 hadi 800? Namba hizo ni za transista inayofanya kazi ya amplifaya. Sisi tunataka swichi, ifunge kabisa. Ukiweka kilo-ohm 10, besi inapata miliampia 0.43. Transista yenye ukuzaji mkubwa itavumilia. Yenye 110 itapitisha miliampia 47 tu, rilei ibaki na volti 3.3 na kuanza kutetemeka au isivute kabisa. Ndiyo maana saketi ileile inakubali kwa fundi mmoja na kukataa kwa mwingine.

Pima rilei ikiwa imewashwa: mita kati ya kolekta na emita, miguu mingine miwili ya transista, isome chini ya volti 0.3. Ikisoma 1.5, punguza rezista.

Kutoweka rezista kabisa ni kibaya zaidi. Besi na emita ni dayodi, hivyo pini inajikuta karibu imeshotishwa na hasi. Kinachokufa huwa pini, transista au vyote viwili.

Ongeza rezista nyingine, ya kilo-ohm 10, kutoka besi kwenda emita ili transista isijiwashe yenyewe. Kidhibiti kinapoanza kuwaka pini huwa inaelea (haiko chanya wala hasi), na huku pwani unyevu wa chumvi juu ya mabaki ya fluksi (dawa ya kulehemu) huvujisha umeme kidogo hadi kwenye besi. Safisha bodi kwa spiriti kabla ya kuifunga.

Dayodi ya 1N4007 juu ya koili, mstari wake upande wa chanya, ya kumeza mshtuko wa umeme koili inapozimwa, haina mjadala.

Ukibadilisha BC547 kwa PN2222, ambayo inabeba mzigo huu kwa raha zaidi, angalia miguu: kolekta na emita zimebadilishana upande.