Land Rover ya mzee inakula oili: je, ringi mpya zinatosha?

SWALI: Habari fundi. Nipo Isevya, Tabora. Nina Land Rover 109 Series III ya petroli, injini ya 2286 cc, niliyoachiwa na marehemu mzee. Inakula oili na ikibeba mzigo inatoa moshi wa bluu. Fundi wa mtaani anasema tuweke ringi mpya za pistoni tu, maana fedha yangu ni ndogo. Nikubali?

JIBU: Usikubali kabla ya kupima, ndugu yangu. Fundi wako anaweza kuwa sahihi, lakini ringi mpya kwenye silinda iliyolika ni fedha ya kutupa: baada ya muda mfupi moshi unarudi.

Anza kwa kupima injini ikiwa bado haijafunguliwa. Toa plagi zote nne, pima kompresheni (mgandamizo wa hewa ndani ya silinda), kisha mimina kijiko kimoja cha oili kwenye kila silinda na upime tena. Namba zikipanda sana, ringi au silinda zimechoka. Zisipopanda, kagua valvu na gasketi ya hedi (kifuniko cha juu cha injini) kwanza. Huenda usiguse sehemu ya chini ya injini kabisa.

Hedi, sampu (karai la oili chini ya injini) na pistoni zikishatoka (injini haishuki kwa kazi hiyo), fila geji (vibamba vyembamba vya kupimia pengo) inatosha. Chukua ringi ya juu, ingiza chini ya silinda mahali ambapo ringi hazisugui, inyooshe kwa kichwa cha pistoni, pima pengo lake. Ipandishe hadi chini kidogo ya ukingo wa juu, pima tena. Tofauti igawe kwa 3.14. Mfano: chini 0.40 mm, juu 1.00 mm, tofauti ni 0.60, ukigawa unapata 0.19 mm. Hiyo ndiyo silinda ilivyotanuka, na kwa kiasi hicho ningebori (ningepanua silinda kwa mashine). Ikiwa chini ya 0.10 mm, ringi zinafaa, ila ule ukingo uliobaki juu ya silinda, ambapo ringi hazisugui, lazima uondolewe kwanza, la sivyo ringi mpya itaugonga na kuvunjika.

Ukibori, nunua pistoni kwanza (oversaizi, yaani kubwa kuliko za awali, ya inchi 0.020 au 0.030, kadiri vipimo vinavyotaka) na uzipeleke pamoja na bloku (mwili wa injini wenye silinda). Mtu wa mashine huchonga kufuata pistoni iliyo mkononi mwake. Bloku tupu inaweza kupanda treni hadi Mwanza kama karibu nawe hakuna mashine. Ikirudi, ioshe kwa maji ya moto na sabuni, njia za oili zikiwa zimefunguliwa, mpaka kitambaa cheupe kitoke cheupe, halafu paka oili papo hapo. Chembe za mawe ya kuchongea zikibaki humo, zinamaliza beringi mpya.

Krenki (shafti inayozungushwa na pistoni) ikiwa na mikwaruzo inayokamata ukucha, isagwe na ifungiwe beringi za saizi yake. Kamwe usiruhusu kofia za konrodi (mikono inayounganisha pistoni na krenki) zipigwe tupa au karatasi iwekwe nyuma ya beringi.

Bana matumizi kwenye pampu ya maji, kabureta na distribyuta zikiwa nzima, na valvu zinazoweza kusagwa kwa unga maalumu wa kusagia valvu. Gasketi ya hedi iwe mpya. Bolti kubwa za hedi zikazwe kwa hatua, kuanzia katikati, hadi futi-paundi 65. Klirensi (nafasi) ya valvu ni inchi 0.010.

Kabla ya kuwasha, kagua mpira unaounganisha filta ya hewa na kabureta, na ujaze oili ya filta hadi alama. Vumbi la kiangazi cha Tabora likipenya hapo, ndilo linalokula silinda.