Nota za mistari mitano: je, solfa yangu niitupe?

SWALI: Mwalimu, salaam. Naimba besi katika kwaya ya misa ya Kiswahili hapa Jinja. Kazi yangu ni kuchomelea vyuma. Solfa (do, re, mi zilizoandikwa kwa herufi) naisoma bila shida, nilifundishwa na marehemu baba. Sasa mwalimu wetu mpya analeta nyimbo kutoka Tanzania, zote zimeandikwa kwa nota za mistari mitano. Vijana wanasoma, mimi nangoja wenzangu waanze ndipo nidake sauti. Nimeambiwa nisahau solfa, nikariri majina ya A hadi G. Nina miaka 46. Nianzie wapi? Na kinanda ni lazima?
Mwimbaji wa besi, Walukuba

JIBU: Ndugu yangu, usiitupe solfa hata kidogo. Aliyekushauri hivyo amekupotosha, nami husikitika kila ninapowasikia walimu wa kwaya wakisema maneno hayo mbele ya wazee walioishika solfa miaka yote.

Solfa hii ya herufi ilianza Norwich, Uingereza, kwa mwalimu Sarah Glover, kisha mchungaji John Curwen akaiendeleza kuanzia miaka ya 1840. Mwanzoni Curwen aliitumia kuwasaidia watu wasome nota za mistari. Mistari aliiondoa katika kozi yake baadaye, mwaka 1872. Kwa hiyo njia unayotaka kupita ilikwisha kupitwa na wengi, na wewe umeshaianza.

Kazi yako kubwa ni moja: kuitafuta do. Kwenye solfa umezoea kuiona imeandikwa. Kwenye mistari imejificha, ila huacha alama mwanzoni.

Shika karatasi ya besi. Alama ya kwanza ni ufunguo wa F, wenye nukta mbili. Nukta hizo zimeuweka kati mstari wa nne, ukihesabu kutoka chini, na mstari huo ndio F. Wa soprano na alto wana ufunguo wao wa G. Uache kwanza, maana anayeanza na funguo mbili kwa pamoja huchanganyikiwa.

Baada ya ufunguo, tazama flati (alama kama b) au shapu (alama kama #). Flati ya mwisho upande wa kulia ni fa. Shapu ya mwisho upande wa kulia ni ti. Kama hakuna yoyote, do ni C, na kwenye besi C hukaa nafasi (uwazi kati ya mistari) ya pili kutoka chini.

Tufanye mfano. Umeona flati moja. Imekaa mstari wa pili. Hiyo ni fa. Shuka: nafasi ya kwanza ni mi, mstari wa kwanza ni re, na do iko chini kidogo ya mstari huo. Sasa rudi kwenye fa, kisha panda juu: nafasi ya pili ni so, mstari wa tatu la, nafasi ya tatu ti, mstari wa nne do. Ni ule ule mstari wa nukta mbili. Kumbe wimbo uko kwenye F, na umejua bila kukariri chochote.

Halafu kuna jambo ambalo laiti lingefundishwa siku ya kwanza katika kila kwaya. Do ikikaa kwenye mstari, mi na so hukaa kwenye mistari miwili inayofuata kwenda juu. Do ikiwa kwenye nafasi, mi na so nazo ziko kwenye nafasi. Sisi wa besi maisha yetu ni do, fa na so, hasa mwisho wa ubeti, so inaposhuka kwenye do. Zoeza macho kuuona mruko huo mzima: kutoka mstari mmoja, unaruka mmoja, unatua kwenye mwingine.

Mapigo hayatakusumbua. Katika nyimbo za 2/4, 3/4 na 4/4, krocheti (kichwa cheusi chenye kijiti) ni pigo moja; minimu (kichwa cheupe chenye kijiti) ni nota inayofuatwa na kistari kwenye solfa yako; kweva mbili (vichwa vyeusi, vijiti vyenye mkia au vilivyounganishwa) ni pigo lililogawanywa kwa nukta katikati. Piga makofi kwanza, sauti ifuate. Nyimbo za 6/8 tutazizungumza siku nyingine.

Anza na Wimbo wa Taifa wa Uganda, aliouunda George Kakoma. Ni mfupi sana na unaujua kwa kichwa. Fuatisha nota kwa kidole huku ukiimba. Kisha chukua wimbo usioujua kabisa, mstari mmoja kila jioni, maana wimbo unaoujua huimbwa na masikio huku macho yamepumzika. Nakuomba sana, usiandike herufi za solfa chini ya kila nota. Macho yatasoma herufi na kuiacha mistari. Andika d pale wimbo unapoanza, na baada ya mruko mgumu, basi.

Umri wako si tatizo. Sauti ya besi ndiyo kwanza imekomaa.

Kinanda usinunue. Programu ya kinanda kwenye simu inatosha kukupa do: kwa wimbo wetu wa flati moja, bonyeza F, izime, uimbe. Ukifika mwisho wa mstari, bonyeza nota ya mwisho uone kama umefika pamoja nayo.