Kahawa yenye uyoga kwa mama anayetumia warfarini

Dada yangu wa Iringa, umeuliza kama mama yako, anayetumia warfarini (dawa ya kuzuia damu isigande), anaweza kunywa kahawa iliyochanganywa na unga wa uyoga wa reishi na chaga, kwa kuwa muuzaji amemwahidi kumbukumbu nzuri. Ningemzuia. Reishi inaweza kupunguza kuganda kwa damu, hivyo ikikutana na warfarini hatari ya kuvuja damu huongezeka. Chaga nayo ina oksaleti nyingi, kemikali inayoweza kujikusanya kwenye figo, na wapo waliotumia unga wake kwa muda mrefu wakaharibikiwa figo.

Uyoga uliopimwa kwa ajili ya kumbukumbu ni mwingine, Hericium erinaceus. Utafiti wa Japani uliochapishwa mwaka 2009 ulihusisha watu 30 hivi wa miaka 50 hadi 80, ambao nusu yao walimeza takriban gramu 3 kwa siku kwa wiki 16: alama zao za uwezo wa akili zilipanda, kisha zikashuka walipoacha. Soma pakiti ya mama uone kama gramu za kila uyoga zimetajwa. Mara nyingi huandikwa “mchanganyiko” tu.

Kahawa ya Mbozi isiyochanganywa na kitu inamtosha. Kama ameshaanza kunywa hiyo nyingine, aende na pakiti kliniki apimwe INR (kipimo cha muda damu inaochukua kuganda), wala asiache dawa.