Mtoto anajikojolea mchana: akaze misuli au ailegeze?

SWALI: Mtaalamu, binti yangu ana miaka 8. Usiku halowi, ila mchana akitoka shule chupi huwa imelowa. Akibanwa huchuchumaa ghafla na kukalia kisigino. Kipimo cha mkojo hakikuonyesha maambukizi. Jirani yangu, aliyefanya mazoezi ya nyonga baada ya kujifungua, ameniambia nimfundishe kukata mkojo katikati, mara 10 kila siku, ili misuli ipate nguvu. Ni sahihi? Nifanye kwa muda gani?
Mama, Morogoro

JIBU: Mama, zoezi hilo lisimamishe leo. Jirani ana nia njema, ila mazoezi hayo yalienezwa na daktari wa Marekani, Arnold Kegel, mwaka 1948, kwa wanawake ambao misuli yao imedhoofika baada ya kuzaa. Mtoto wako yuko kwenye hali tofauti kabisa.

Kukojoa ni kazi ya pande mbili. Kibofu kinasinyaa kusukuma mkojo, na papo hapo misuli ya sakafu ya nyonga, ile iliyotandazwa chini kama chandarua, inatakiwa ilegee ili kupisha. Mtoto anayekalia kisigino mara nyingi ni mtoto aliyezoea kubana. Foleni ya choo shuleni ni ndefu, mlango haufungi, sakafu ina uchafu, basi anabana mpaka nyumbani. Misuli ikizoea kukaza siku nzima, hata akifika chooni haiachii vizuri. Mkojo unatoka kwa kukatika-katika, mwingine unabaki, na nusu saa baadaye chupi imelowa. Sasa ukimfundisha kukata mkojo kwa makusudi, unaikomaza kasoro ileile. Mkojo unaobaki huleta maambukizi, na shinikizo likizidi kwenye kibofu mkojo unaweza kurudi juu hadi kwenye figo. Ndiyo maana nalisema hili kwa msisitizo.

Kwa watoto wa namna hii mimi huanza na pumzi. Mlaze chali kwenye mkeka, magoti yamekunjwa, umwekee kikombe cha plastiki juu ya kitovu. Avute hewa puani, kikombe kipande; aitoe taratibu mdomoni, kikombe kishuke. Tumbo linapojaa hewa, sakafu ya nyonga nayo inashuka na kulegea. Dakika 5 asubuhi na 5 jioni zinatosha.

Akishaimudu pumzi, kunja khanga iwe kama gogo jembamba, aikalie kwa urefu kwenye kiti kigumu, nyayo zote zimekanyaga chini. Mwambie ajifanye anazuia ushuzi: atahisi sehemu ya chini inajiinua kidogo kutoka kwenye khanga. Akaze hivyo sekunde 3, kisha aachie sekunde 6 au zaidi, mpaka ahisi amejaa tena juu ya khanga. Hapo kwenye kuachia ndipo penye zoezi. Mara 10, kwa siku mara mbili. Mtazame matako, mapaja na tumbo: vikikaza navyo, au akizuia pumzi, mpumzishe muanze upya. Zoezi hili lifanyike kwenye kiti, kamwe si wakati anakojoa.

Chooni pia kuna mengi. Choo cha kuchuchumaa hakina ubaya wowote, mradi achuchumae mpaka chini. Kinachoharibu ni kule kuinama nusu, matako hewani, kwa kuogopa uchafu, maana mapaja yote yanakaza. Choo cha kukalia kinataka kigoda cha miguu, nguo ishuke hadi kwenye vifundo ili magoti yafunguke. Apulize polepole kama anayetoa mapovu ya sabuni, asisukume. Akimaliza asubiri kidogo, ajaribu tena. Na aende kwa saa, kila baada ya saa 2 hadi 3, hata kama hajabanwa. Hapo itakubidi uongee na mwalimu wa darasa, faraghani, aruhusiwe kutoka bila kuulizwa mbele ya wenzake.

Kuna jambo hukulitaja, na mimi huliuliza kwa kila mzazi: choo chake kikubwa kikoje? Utumbo mkubwa uliojaa choo kigumu umekaa nyuma ya kibofu na unakibana. Nimeona watoto waliofanya mazoezi kwa bidii bila nafuu mpaka choo kilipolainika. Mpe papai, maharage, mboga za majani, na maji yaliyogawanywa kutwa nzima. Kama ni kigumu sana au kinamuuma, daktari ampe dawa ya kulainisha kwanza. Usimpunguzie maji kwa kuogopa atalowa. Mkojo mzito unakichokoza kibofu.

Kabla ya kuja kliniki, siku mbili za wikendi pima mkojo wake kwa jagi lenye alama na uandike saa na kiasi. Kwa mtoto tunakisia ujazo wa kibofu hivi: miaka yake ongeza 1, zidisha kwa 30. Wake ni kama mililita 270. Akitoa 60 au 80 kila mara, au kinyume chake akitoa mara mbili tu kwa siku mkojo mwingi sana, matibabu yanabadilika. Omba pia ultrasaundi ya kibofu baada ya kukojoa, tujue kinachobaki.

Usisubiri mazoezi ikiwa anadondokwa matone muda wote bila kukauka kabisa, ana kiu isiyo ya kawaida na anakonda, ana homa, miguu inadhoofika, au ana kishimo au kishungi cha nywele chini ya mgongo. Hayo ni ya daktari mara moja.

Umeuliza muda: tegemea miezi, si wiki, na siku za kulowa zitakuwepo katikati. Siku hiyo mpe nguo kavu, asichapwe wala asiitwe kikojozi, hata na wadogo zake. Mtoto mwenye hofu anakaza, na sisi tunahangaika alegee.