Maswali ya Wasomaji: GTX 1060 au RX 580?

SWALI. Jambo yenu. Muuzaji mmoja wa katikati ya mji amenionyesha kadi mbili za grafiki za mkono wa pili: GTX 1060 ya gigabaiti 6 kwa dola 80, na RX 580 ya gigabaiti 8 kwa dola 75. Niko na makuta (pesa) ya kadi moja tu. Nacheza mpira wa EA Sports FC na GTA V, skrini yangu ni ya 1080p. Nichukue ipi? *Msomaji wa Katuba, Lubumbashi*

JIBU. Kwa michezo hiyo miwili, ndugu, ukifichwa jina la kadi hutajua unacheza na ipi. NVIDIA waliitoa GTX 1060 mwezi Julai 2016, AMD wakaleta RX 580 Aprili 2017, na zote zililenga mfuko mmoja: dola 249 na dola 229 zikiwa mpya. GTA V ilipofika kwenye kompyuta mwaka 2015, watengenezaji wake walipendekeza GTX 660 ya gigabaiti 2, ambayo kadi zote hizi zinaipita mbali. EA Sports FC 24 na 25 zinataja GTX 1050 Ti au RX 570 kuwa kiwango cha chini, nacho pia umeshakivuka kwa kadi yoyote kati ya hizo.

Tofauti ipo, ila ni ndogo. Michezo ya zamani ya DirectX 11 (njia ambayo mchezo hutumia kuongea na kadi) huzipishanisha kwa fremu chache (picha kwa sekunde), na ukiwa na prosesa dhaifu NVIDIA hupata nafuu, kwa sababu draiva yake (programu inayoiendesha kadi) ya DirectX 11 haiibebeshi prosesa mzigo mkubwa kama ya AMD. Michezo ya baadaye inayotumia njia mpya za DirectX 12 na Vulkan mara nyingi humpa RX 580 nafasi ya mbele. Na mchezo ukitaka memori zaidi ya gigabaiti 6, picha kwenye GTX 1060 huanza kukwamakwama, wakati RX 580 bado ina gigabaiti 2 za akiba.

Kwa hiyo fremu zisikusumbue. Angalia pawasaplai uliyonayo (kile kisanduku kinachogawa umeme ndani ya kompyuta), halafu hali ya kadi yenyewe.

GTX 1060 inakula wati 120 na kwa kawaida ina tundu moja la pini 6. RX 580 inakula wati 185 na nyingi zina tundu la pini 8, nyingine huongeza na la pini 6 juu yake. Nafasi ya kadi kwenye bodi kuu hutoa wati 75, kebo ya pini 6 hutoa 75, ya pini 8 hutoa 150. NVIDIA wanashauri pawasaplai ya wati 400, AMD wanashauri 500. Lakini hizo namba kubwa zilizoandikwa kwenye boksi usizitegemee. Soma kibandiko ubavuni, safu ya +12V. Ikiandikwa 30 A (ampea), zidisha kwa 12 upate wati 360, na hapo RX 580 itatulia. Ikiandikwa 18 A, ni wati 216 tu hata kama nje wameandika 500 kwa herufi nyekundu. Ukifunga RX 580 hapo, kompyuta itazimika ghafla mchezo ukichanganya, nawe utadhani kadi ni mbovu.

Jambo moja tunaomba usilifanye kabisa: kuunga kebo ya pini 8 kwa adapta inayotoka kwenye plagi ya SATA. Plagi ya SATA ina pini tatu za volti 12, kila moja ampea 1.5, jumla wati 54. Ukiidai 150, plastiki inayeyuka, na kuna siku itawaka.

Shauri letu ni hili: pawasaplai ikiwa na kebo halisi ya pini 8 na ampea za kutosha, na RX 580 hiyo ikiwa kamili (tazama jibu linalofuata), ichukue na ubaki na dola 5. La sivyo chukua GTX 1060. Muuzaji akikuambia GTX 1060 hiyo "ni ya gigabaiti 3, lakini ni ileile", si ileile. Ya gigabaiti 3 ina viini (sehemu ndogo za chipu zinazochora picha) 1152 badala ya 1280, na memori yake imeshakuwa ndogo kwa michezo ya leo. Kwa bei hiyo iache.

SWALI. Kuna mtu anauza GTX 1060 iliyoingia kupitia Kasumbalesa, bei dola 40. Ni safi, inang'aa, ina tundu la VGA linalofaa skrini yangu ya zamani. Mbona rahisi hivyo? *Msomaji wa Kampemba*

JIBU. Tundu hilo la VGA ndilo jibu. Kadi za kizazi cha GTX 1060 hazitoi kabisa picha ya analogi, kwa hiyo GTX 1060 halisi ina HDMI, DisplayPort na kwa kawaida DVI-D, basi. Yenye VGA huwa ni GTS 450 au GTX 550 Ti ya miaka ya 2010 na 2011, imebadilishwa baiosi (programu ndogo iliyo ndani ya kadi) ili ijitaje kwa jina la uongo. Ina viini 192. Windows itakuonyesha jina "GTX 1060" bila shida, na draiva mpya itagoma au mchezo utaanguka ukianza tu.

Nenda kwa muuzaji na programu ya GPU-Z kwenye flashi. Ni ya bure, na ni ndogo, haitakumalizia vocha. Tangu mwaka 2018 programu hiyo inazitambua kadi nyingi bandia za NVIDIA na kuandika FAKE mbele ya jina. Kisha soma mistari mitatu. GTX 1060 ya gigabaiti 6: Shaders (idadi ya viini) 1280, Bus Width 192, Memory Size 6144 MB. RX 580 kamili: Shaders 2304, Bus Width 256, Memory Size 8192 MB au 4096 MB.

Kwa RX 580 ukikuta Shaders 2048, hiyo si bandia, ila si ile unayolipia. Ni toleo la 2048SP lililouzwa China kuanzia mwaka 2018, na ndani yake ni sawa na RX 570. Inacheza vizuri, lakini ilipwe kwa bei ya RX 570.

Skrini yako ya zamani usiitupe. Nunua kigeuzi cha HDMI kwenda VGA chenye chipu ndani. Kebo tupu yenye HDMI upande huu na VGA upande ule haitatoa picha yoyote.

SWALI. Mimi ni mama, ninafungua sale (ukumbi) ya michezo huku komini ya Kenya, kompyuta sita za Core i5. Nitatumia umeme wa SNEL (shirika la umeme la Kongo), na ukikatika kuna jenereta ya 2 kVA. Fundi wangu anapenda RX 580 kwa sababu ya gigabaiti 8. Nimsikilize? *Msomaji wa komini ya Kenya, Lubumbashi*

JIBU. Mama, kwa nyumba ya mtu mmoja fundi wako ana haki. Kwa sale yenye jenereta, hapana.

Tupige hesabu. Kompyuta ya Core i5 yenye RX 580 ikiwa katikati ya mchezo huvuta ukutani kama wati 280, na yenye GTX 1060 kama wati 200. Skrini tuhesabu wati 25 kila moja. Sita za RX 580 pamoja na skrini: 1680 + 150 = wati 1830. Sita za GTX 1060: 1200 + 150 = wati 1350. Jenereta ya 2 kVA kwa kawaida hutoa wati 1600 hivi, si 2000. Kwa RX 580 itazidiwa wateja wote sita wakicheza kwa pamoja, volti itashuka, na kompyuta zitaanza kujizima moja baada ya nyingine. Kwa GTX 1060 unabaki na nafasi ya wati 250 kwa taa, feni na ruta.

Hata kwenye umeme wa SNEL tofauti inaonekana: wati 80 mara kompyuta 6, mara saa 10, ni kWh 4.8 kwa siku. Ukifungua siku 26 ni karibu kWh 125 kwa mwezi, na joto la umeme wote huo linabaki chumbani na wateja wako.

Ikiwa RX 580 zimeshanunuliwa, hazijapotea. Kwanza, funga fremu zisizidi 60. Skrini nyingi za ofisi haziwezi kuonyesha zaidi ya hapo, kwa hiyo mteja hapotezi kitu. Pili, shusha volti ya chipu. Fundi afungue AMD Software, sehemu ya Performance, kisha Tuning, achague Custom. Volti ya juu kabisa huwa karibu milivolti 1150. Ashushe 25, acheze dakika 15, ashushe tena 25. Mchezo ukianguka au skrini ikiwa nyeusi, arudi hatua moja juu. Nyingi hutulia kati ya 1050 na 1100, na joto na matumizi hupungua bila kugusa kasi. Kila kadi ipimwe peke yake. Namba ya kadi moja isinakiliwe kwenye zote sita.

Na umeme ukikatika, mwambie kijana azime swichi zote za kompyuta ukutani na asubiri dakika chache baada ya kurudi. Volti ya dakika ya kwanza ndiyo inayoua pawasaplai.

SWALI. Nimenunua RX 580, wanasema ilikuwa ya kuchimba sarafu za mtandao. Picha inatoka, lakini draiva ikimaliza kuingia Windows inaonyesha kosa la Code 43. Imekufa? *Msomaji wa Likasi*

JIBU. Haijafa, mdogo wetu. Dalili hiyo kwa RX 580 mara nyingi ni baiosi ya wachimbaji. Walikuwa wanabadilisha muda wa memori ndani ya baiosi ili wachimbe sarafu ya Ethereum haraka, na draiva ya kawaida inakataa baiosi isiyo na saini halali. Ethereum iliacha uchimbaji wa kadi Septemba 2022, ndiyo maana kadi hizi zilijaa sokoni.

Anza na njia nyepesi. Tazama ukingo wa juu wa kadi: baadhi zina swichi ndogo ya baiosi mbili. Zima kompyuta, toa waya ukutani, sogeza swichi, washa. Kama baiosi ya pili haikuguswa, kazi imekwisha.

Kama hakuna swichi, itabidi kuandika upya baiosi kwa programu ya amdvbflash. Kwanza hifadhi ile iliyomo. Kisha tafuta baiosi ya kampuni ileile, modeli ileile, na memori ya mtengenezaji yuleyule: GPU-Z huonyesha kama ni Samsung, Hynix, Micron au Elpida. Hapa ndipo wengi wanakosea. Baiosi ya Samsung kwenye kadi ya Hynix inaweza kuwaka, lakini italeta vidoti na mistari skrini nzima. Na usiandike baiosi bila UPS (betri ya akiba ya kompyuta), hata kama umeme unaonekana umetulia leo. Ukikatika katikati, kadi haitawaka tena bila vifaa vya fundi.

Baada ya hapo ifungue. Kadi iliyochimba kwa miezi mfululizo huwa na feni zilizochoka na pasta ya kupitisha joto iliyokauka. Legeza skrubu nne zinazozunguka chipu kwa mshazari, futa pasta ya zamani kwa alikoli, weka mpya kiasi cha punje ya mchele, kaza tena kwa mshazari kidogokidogo. Zile pedi laini juu ya memori zikichanika, pima unene wake kabla ya kununua nyingine: pedi nene kupita kiasi huinua kipoza joto, chipu ikabaki bila kuguswa. Unapopuliza vumbi la kiangazi, shika panga za feni kwa kidole zisizunguke. Ukicheza nusu saa na joto likabaki chini ya nyuzi 80, umemaliza.

SWALI. Niko na Dell OptiPlex 9020 ile ya kusimama, i5-4590, memori 8 GB. Itabeba GTX 1060? *Msomaji wa Ruashi*

JIBU. Prosesa inaweza, pawasaplai ndiyo tatizo. Ya kiwandani ni wati 290 na haina kebo ya pini 6. Tena bodi ya 9020 inatumia plagi ya pini 8 mahali pa ile ya kawaida ya pini 24, kwa hiyo pawasaplai mpya itahitaji adapta ya 24 kwenda 8 ya Dell. Ukizipata zote mbili, pima urefu kutoka nyuma ya kasha hadi kwenye vyumba vya diski kabla ya kuchagua kadi. Zenye feni moja huingia kwa urahisi zaidi.

Ukitaka kazi isiyo na upasuaji, chukua GTX 1050 Ti ya gigabaiti 4 isiyo na tundu la umeme. Inakula wati 75 zote kutoka kwenye bodi. Ni dhaifu kuliko GTX 1060, lakini FC ya 1080p kwa picha za kati utaicheza. Na kama memori yako ni kijiti kimoja cha gigabaiti 8, ongeza cha pili cha aina hiyohiyo, DDR3. Utaona fremu zimetulia.

SWALI. Kati ya hizo mbili, ipi itaendelea kupata draiva mpya? *Msomaji wa Kamalondo*

JIBU. Hakuna. AMD waliiondoa RX 580 kwenye draiva kuu mwaka 2023, ikabaki na marekebisho ya usalama. NVIDIA walifunga draiva za michezo za GTX 1060 Oktoba 2025, na marekebisho ya usalama wameyaahidi hadi Oktoba 2028. Michezo iliyopo itaendelea kucheza. Ile inayodai chipu yenye uwezo wa kufuatilia miale ya mwanga, kama Indiana Jones and the Great Circle ya mwaka 2024, haitafunguka kwenye yoyote kati yao, kwa hiyo soma mahitaji ya mchezo kabla hujatumia gigabaiti za intaneti kuushusha.